Ncha za Barafu

Jumamosi, 1 Machi 2025. Changarawe

Nimenunua daftari la kurasa 96, sawasawa na yale niliyokuwa nikiandikia vina vya mto nilipokuwa kazini. Miaka ile kazi yangu ilikuwa kusoma ubao wa kipimo saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, mvua inyeshe au jua liwake, na kuandika namba. Namba zile zilikwenda ofisini. Za safari hii zitabaki kwangu.

Sababu ni hii. Alhamisi nilishuka mtoni kukata matete ya banda la kuku, nikafika kwenye ule mkuyu ulioanguka, penye kona. Mizizi yake imechomoza hadi katikati ya maji kama vidole, na kila kidole kimevaa kitu. Mto umepungua sana, unavukika bila kuvua viatu ukiyajua mawe ya kukanyaga, na maji ni meupe, ukiinama unaona changarawe chini. Lakini ile mizizi ilikuwa kama kamba ya kuanikia nguo za watu mia. Nilisimama pale mpaka nikasahau matete.

Leo nimerudi na mfuko wa salfeti. Nimejiwekea sharti: hatua kumi juu ya mkuyu, hatua kumi chini yake, ukingo wa upande huu tu. Kila ninachookota nakitaja jina kwanza, ndipo napiga mstari. "Takataka" si jina. Anayesema mto umejaa takataka ni kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu akanyamaza.

Hesabu: karatasi za pipi na biskuti 41. Vifuko vyembamba vya barafu 38. Vifuniko vya chupa 27. Vijiti vya pipi 14. Pampasi 9. Pakti za dawa za mimea 6. Vichungi vya sigara 5. Ndala moja ya mtoto, ya kushoto. Nyuzi za mifuko ya salfeti zilizojisokota kwenye mizizi, sikuweza kuzihesabu. Chupa za maji 2.

Chupa mbili tu. Nilikuwa na hakika ndizo zingeongoza.

Jumatano, 5 Machi

Misa ya majivu asubuhi. Jioni mpangaji wangu wa chumba cha uani, kijana wa chuo, aliliona daftari mezani akauliza. Nilimweleza nikitarajia acheke, hakucheka. Alinisomea kwenye simu habari za watu walioanza kuhesabu hivihivi huko Texas, Marekani, mwaka 1986. Walikuwa 2,800, wakasafisha fukwe, na mama mmoja aitwaye Linda Maraniss akahakikisha wanaandika kila kitu walichookota badala ya kukizoa tu. Leo kazi hiyo hufanyika nchi nyingi kila Septemba. Kwa miaka mingi vichungi vya sigara ndivyo vilivyoongoza. Katika hesabu ya 2019 vifungashio vya chakula vikavipita kwa mara ya kwanza, takriban milioni 4.7 kwa milioni 4.2.

Kijana akaniambia pia kuwa kichungi si pamba. Ni nyuzi za plastiki. Nimevuta sigara miaka ishirini na miwili na sikulijua hilo. Nimejaribu kukumbuka nilikuwa nikivitupa wapi. Mara nyingi nilikuwa nimesimama kando ya ubao wa kipimo.

Jumamosi, 15 Machi

Siri ya chupa nimeipata. Kuna mama hupita na salfeti mgongoni kutoka Sangasanga hadi jirani na lango la chuo, anaokota chupa. Leo alikuwa chini ya mwembe wangu akipumzika, nikampa maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Kazi ipo, ila jua kali."

Nikamuuliza anachukua nini na anaacha nini. Alijibu haraka kama mtu anayesoma orodha ya dukani. Chupa za maji na soda, ndiyo. Madumu, ndiyo. Vyuma na makopo, ndiyo. Mabeseni yaliyopasuka, ndiyo, kama si ya zamani sana. Karatasi za biskuti, hapana. Vifuko vya barafu, hapana. Pampasi, alitema mate pembeni.

"Hivyo hata ukijaza lori hakuna anayekupa mia, mzee."

Kisha akanionyesha anavyofanya. Anafungua kifuniko, anakitupa, anaikanyaga chupa ikawa bapa, anaitia kwenye salfeti. Chupa ikibaki na kifuniko hewa haitoki, na gunia linajaa upepo. Pale alipokuwa ameketi palibaki vifuniko kumi na kimoja, vya bluu na vyeupe. Basi ndiyo maana ya vile 27. Mvua ikija vinabingirika hadi mferejini, na kwa kuwa vinaelea havizami njiani. Chupa yenyewe isiyo na kifuniko hujaa maji ikazama. Nilijaribu kwenye ndoo ya kuogea kuhakikisha: chupa ilikwenda chini, kifuniko kikazunguka juu mpaka jioni.

Sikumlaumu. Yule mama peke yake ameondoa kwenye mto huu plastiki nyingi kuliko sisi wengine wote wa kijiji. Nilimwomba vifuniko aniachie mimi kwenye ndoo, akasema sawa.

Naandika hapa nisije nikasahau: kinachofika mtoni ni kile ambacho hakuna mtu anayekitaka hata bure. Chenye bei kinaokotwa barabarani kabla mvua haijakifikia.

Jumamosi, 22 Machi

Pampasi 12. Zikilowa zinavimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Moja ilipasuka mkononi na ndani yake zikatoka chembe laini zinazong'aa, kama mayai ya samaki. Chembe zile ndizo zinazofyonza mkojo, na zimefyonza mto.

Nilipokuwa napanda ukingo nilikutana na binti mmoja, jirani, ana mtoto mgongoni na mfuko mdogo mweusi mkononi. Tukasalimiana. Alijua nimejua. Aibu ilimjaa usoni, nami sikutaka kumwongezea, nikamuuliza tu kama mtoto hajambo. Yeye ndiye aliyeanza.

"Babu, nitazipeleka wapi? Choo cha shimo mwenye nyumba amekataza, kinajaa. Kuchoma, mama mkwe hataki hata kusikia. Anasema ukichoma nepi ya mtoto, ngozi ya mtoto inababuka."

"Na shimo la kufukia?"

"Mbwa wanafukua."

Sikuwa na jibu. Nimeshinda na swali hilo kutwa. Watu wa mikutano wangesema ni uchafu wa tabia. Mimi nimeiona tabia yake: ametembea robo saa na mtoto mgongoni ili kinyesi kisikae karibu na nyumba za watu. Katika kufikiri kwake, mto unachukua na kumaliza. Hata mimi nililelewa hivyo. Mama alikuwa akisema maji yanayokwenda hayana uchafu.

Jumamosi, 29 Machi

Mawingu yamekaa Uluguru tangu juzi, hayashuki wala hayaondoki. Sikuhesabu, goti linauma. Mvua inakuja.

Jumapili, 6 Aprili

Imenyesha usiku wa Ijumaa na Jumamosi mchana kutwa. Leo baada ya misa nilikwenda mkuyuni. Maji mekundu yamefika kifuani mwa mti, na mizizi yote ni mitupu, imeoshwa. Kilichokuwapo kimekwenda.

Lakini ukingo wa ng'ambo umemeguka, kipande kirefu kuliko nyumba yangu, ukabaki ukuta wima wa udongo. Nilizunguka darajani ili nikauone kwa karibu. Nimefanya kazi na mito maisha yangu yote, kitu kile sijawahi kukiona.

Ukuta una matabaka. Juu kabisa kuna mchanga mwembamba wa miaka hii, na ndani yake vifuko vya barafu, karatasi za biskuti, nyuzi za salfeti. Shuka kiasi cha shubiri mbili unakutana na rambo, nyeusi na za bluu, zimebanana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Nilivuta moja ikaja nzima, hata shikio lake halijakatika. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Bara tarehe 1 Juni 2019. Shuka tena shubiri moja. Hapo nikakuta vipakiti vidogo bapa, saizi ya kiganja cha mtoto. Nilikisugua kimoja kwa kidole gumba, na maandishi yakatokea, rangi bado ipo. Viroba. Konyagi na pombe kali nyingine za vipakiti, zilizokatazwa kuanzia 1 Machi 2017. Chini ya hapo ni udongo mtupu na mizizi myeupe.

Nilikaa na kile kipakiti mkononi. Mdogo wangu wa mwisho tulimzika 2015, na ndani ya koti lake tulikuta vitatu.

Mto unatunza kumbukumbu kuliko mimi na madaftari yangu. Amri mbili za Serikali nimezisoma kwenye udongo kwa macho yangu: juu ya mstari mmoja kiroba hakionekani tena, juu ya mstari wa pili rambo zinapungua hadi moja moja. Basi inawezekana. Watu husema kukataza ni kazi bure, watu watatafuta njia. Waje wauone ukuta huu kabla mvua ijayo haijaubeba. Na waone pia kuwa hapo juu pengo la rambo halikubaki wazi, limejazwa na vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyevitaja kwenye amri yoyote.

Nawaza hii mizizi mitupu. Mto wetu ni mmoja wa mitano inayoingia bwawa la Mindu, pamoja na Ngerengere, Mlali, Mgera na Lukulunge. Mindu ndiyo inayonywesha mji wa Morogoro. Kilichokuwa kwenye mkuyu wiki iliyopita, leo kinaelea mbele ya mitambo ya maji ya kunywa. Kinachovuka utoro wa bwawa, pale maji ya ziada yanapomwagikia, kitafuata Ngerengere hadi Ruvu, na kwenye Ruvu ndipo Dar es Salaam inapochota, Ruvu Juu na Ruvu Chini. Baada ya hapo ni bahari.

Jumamosi, 12 Aprili

Maji yamepungua kidogo, mizizi imeanza kuvaa tena. Vifuko vya barafu 52.

Leo nilichambua taka nyumbani, juu ya mkeka uani, na miwani. Katikati ya vifuko kulikuwa na vitu vidogo ambavyo siku zote nilikuwa navikung'uta pamoja na mchanga nikidhani ni maganda ya mbegu. Ni ncha. Mtoto akinunua barafu huing'ata pembe, hutema kile kipande, kisha hufyonza. Kila barafu moja inaleta taka mbili: kifuko, na ncha yake ndogo kuliko punje ya mahindi, yenye alama za meno. Nilipata 19 kwenye mchanga wa kiganja kimoja. Nilizipanga kwenye sahani nyeupe. Nyingine zina alama ya jino moja tu, la mtoto aliyeng'oka meno ya mbele.

Kisha nikatazama mafundo.

Wauzaji wengine hapa kijijini huziba vifuko kwa mshumaa, unaona mstari uliokunjamana kwa moto. Lakini kati ya vifuko 52, vyenye fundo ni 33, na fundo lenyewe ni la mizunguko miwili, mkia umerudishwa ndani. Nalijua fundo hilo. Marehemu mke wangu alifunga hivyo vifuko vya karanga, na alimfundisha mtu mmoja tu.

Friji iko sebuleni kwangu. Naisikia ikinguruma ninapoandika.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi

Nilingoja tutoke kanisani, tukala, mjukuu akaenda kucheza. Nikamwekea binti yangu ile sahani mezani bila kusema kitu. Alitazama ncha, akatazama mafundo. Akaelewa mara moja.

"Baba, barafu hizi ndizo zinazomlipia mtoto michango ya chakula shuleni."

"Najua, mwanangu."

"Na umeme."

"Najua."

"Sasa unataka niache?"

Nikasema hapana, na ni kweli simtaki aache. Tangu arudi nyumbani na mtoto hajaniomba hata shilingi. Barafu ya rozela na ya ukwaju, mia mia, anaamka saa kumi usiku kuchemsha. Alisema vikombe vitavunjika au havitarudi, na yuko sahihi. Akasema duka la vifuko halina kingine cha kuuza, napo ana haki. Kisha akainuka akatoa vyombo, na nilimsikia jikoni akiosha sufuria ileile moja kwa muda mrefu.

Nina uchungu. Wiki sita nimekuwa nikienda mtoni kutafuta waliouchafua.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Nilipanda daladala hadi Mlali kumsalimia binamu, akanipitisha kwenye bustani za nyanya. Nyanya nzuri mno, hilo niliseme. Zimepandwa hadi kwenye ukingo wenyewe, unaweza kuchuma ukiwa umesimama majini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingoni, lakini ukizihesabu mita 60 pale unakuwa umemnyang'anya mtu shamba lote.

Kijana mmoja alikuwa anasuuza bomba la kupulizia mtoni, na pakti ya dawa aliikanyagia kwenye tope. Nilimwambia nilichofundishwa zamani: pakti au chupa isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi ndani ya bomba yapulizwe shambani, kisha chombo kitobolewe asije mtu akakitumia. Alisikiliza kwa adabu. Mita chache chini yake mama alikuwa anajaza ndoo.

Pampasi zinachukiza, lakini zile pakti sita saba kwa wiki ndizo zinazonitisha. Kwenye hesabu ni chache kuliko vijiti vya pipi. Hesabu hainionyeshi uzito wake.

Jumapili, 27 Aprili. Bagamoyo

Nimekuja kwenye harusi ya jana ya mtoto wa dada. Basi hadi Chalinze, kisha Msata, tukauvuka Ruvu kabla ya kuingia mjini. Chalinze wachuuzi walipojaa madirishani tulinunua maji na korosho. Tuliondoka, na kwa dakika kama kumi madirisha yaliendelea kutema chupa na vifuko njia nzima.

Alfajiri nilikwenda pwani peke yangu. Maji yalikuwa yameanza kukupwa, na mawimbi yaliacha mstari mrefu wa majani ya bahari uliochanganyika na vitu. Nilifanya kama mkuyuni, hatua kumi huku, hatua kumi kule. Vifuniko, vingi kuliko vyote. Ndala na malapa. Vipande vya nyavu na kamba za plastiki za kijani, hivyo kwetu hakuna. Mapande ya povu jeupe yaliyoliwa na jua. Vijiti vya pipi. Pampasi hakuna hata moja, na karatasi za biskuti chache tu. Vizito vimebaki njiani, vyepesi vimefika. Kifuniko kimoja kilikuwa na maandishi ya nchi ambayo siijui, nacho kimetoka ng'ambo ya bahari kuja hapa, kama vyetu vinavyokwenda huko.

Nilipiga magoti nikachekecha mchanga kwa vidole kutafuta ncha. Mchanga umejaa chembe za plastiki, nyeupe, za bluu, nyekundu iliyofifia. Ipi ni ncha ya barafu na ipi ilikuwa beseni, hakuna awezaye kusema tena. Samaki hawezi.

Mzee mmoja aliyekuwa akikalafati mtumbwi aliniuliza nimepoteza nini. Nilipomweleza akanisimulia jahazi la Lamu, Flipflopi, lililoundwa na fundi Ali Skanda na wenzake kwa tani kumi za plastiki ya kuokota na kufunikwa na ndala 30,000 za rangi zote. Liliingia majini 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Unguja. Yeye aliliona kwa macho yake. "Linaelea vizuri," alisema, na akarudi kwenye kazi yake. Kisha akaongeza: "Ndala wanazitaka sasa."

Jumamosi, 3 Mei

Maneno ya yule mzee yalikaa nami njia nzima ya kurudi. Jana usiku nikamwambia binti yangu: tukipe bei kifuko.

Alifikiri, akachukua kikokotoo cha simu. Vifuko kumi vitupu, barafu moja bure. Anapoteza kidogo, anaona anaweza kuvumilia kama si kila siku. Nikasema hiyo moja nitailipa mimi kwenye pensheni yangu. Akakataa. Akasema ni biashara yake.

Na kuhusu ncha ni yeye aliyewaza, si mimi. Ametundika mkasi kwa uzi kwenye mlango wa friji. Mtoto akinunua, anakatiwa pembe palepale na ncha inatumbukizwa kwenye kopo.

Jumamosi, 17 Mei

Wiki ya pili. Watoto wameleta vifuko 140, vingine vimelowa tope, maana yake wameanza kuvifuata mtoni na kwenye mitaro. Mmoja alileta vya mshumaa, vya muuzaji mwingine. Mjukuu wangu alitaka kumkatalia, mama yake akasema pokea.

Kwa binti jirani nimechimba shimo la pampasi nyuma ya banda langu, futi nne, nikaweka bati na jiwe juu ili mbwa wasifukue. Sijui litajaa lini wala nitafanya nini likijaa. Ameanza kuleta. Wenzake wawili bado sijawaona.

Mkuyuni leo, hatua ishirini, ukingo wa upande huu. Karatasi za pipi na biskuti 44. Vifuniko 9. Vijiti 12. Pakti za dawa 7. Vifuko vya barafu 16, vyenye fundo 3. Ncha sikuiona. Pampasi 11.

Maji meupe, yanafika kwenye fundo la pili la mzizi mkubwa.